Maua ya Jubilei ya Baba Mdogo

Baba mdogo alinipigia simu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba. Nilikuwa darasani, Nyakahura, na kidato cha tatu walikuwa wanaponda petali nyekundu za hibiskasi kwenye vikombe vya plastiki. Wakitia maji ya limao, rangi inawaka zaidi. Wakitia maji ya majivu, inageuka kijani, na kila mwaka kuna mtoto anayepiga kelele kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Huwa nawaambia hakuna mazingaombwe hapo. Rangi ya ua ni kemikali tu, na inabadilika kufuatana na asidi iliyoikuta.

Simu darasani sipokei. Wakati wa mapumziko niliipigia ile namba nisiyoijua.

"Mwanangu," sauti ikasema, "ni baba yako mdogo, wa Bugarama."

Nilikaa kwenye tofali nje ya maabara.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Nasikia huko Biharamulo wewe ndiye unayewapambia watu harusi. Mimi na mama yako mdogo tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Padre amekubali jubilei. Nataka kanisa lipendeze mpaka watu washangae. Sasa nikasema, nitafute mgeni wakati damu yangu ipo?"

Hakuuliza Mama yu hali gani. Nilisubiri aulize. Alieleza habari za kwaya, za ng'ombe atakayechinjwa, za wageni kutoka Ngara mjini, na nikaendelea kusubiri.

"Nitakuja, baba mdogo," nilisema mwishoni. Sauti yangu ilikuwa tamu kama ya binti mwema.

Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Tulikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma kule Bugarama, migomba nyuma, kahawa upande wa bondeni, na mbele ya nyumba maua ya Mama. Mama alitoka Burundi akiwa mtoto mgongoni mwa bibi, na mpaka leo Kiswahili chake kina Kirundi ndani. Kulala kwake ni "kurara". Watu wa ukoo walimcheka kwa hilo wakati wote wa ndoa yake, na Baba alikuwa anacheka pia, ila yeye alicheka kwa kumpenda. Mama alipanda maua kila mahali. Waridi alilipata kwa masista, bogenvilia aliiomba kwenye uzio wa zahanati, na lile ua jeupe linalofunguka jioni sikuwahi kujua alilitoa wapi. Baba alipozikwa pembeni ya shamba, Mama alihamisha miche ya waridi akaipanda kuzunguka kaburi.

Arobaini ilipoisha, baba mdogo alikuja na wazee wawili wa ukoo na panga. Alisema kaka yake hakuacha mtoto wa kiume. Alisema mwanamke huyu si wa hapa, kwao ni ng'ambo ya mpaka, na ardhi ya ukoo haiwezi kulala mikononi mwa mgeni. Aliigiza sauti ya Mama, "kurara, kurara," na mzee mmoja akacheka. Mama aliuliza tu kama anaweza kubaki mpaka nimalize shule.

Ndipo baba mdogo akaanza kukata maua. Hakuna aliyemwomba. Nadhani hata wale wazee walishtuka. Alianza na bogenvilia ya mlangoni, akaja kwenye waridi, akamaliza na yale ya kaburini. Alipokuwa anakata alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo: "Maua hayaliwi. Nyumba yenye maua ni nyumba ya mvivu."

Kesho yake tuliondoka na magodoro mawili na sufuria. Tulikwenda Nyamigogo kwa dada yake Mama, ambaye alikuwa na kipande cha mihogo na chumba kimoja cha ziada. Mama mdogo, mke wa huyo huyo baba mdogo, alitukimbilia mpaka barabarani na kinu cha Mama alichokisahau. Aliweka kinu chini, akarudi.

Watu huniuliza kwa nini nilisomea baiolojia na kemia badala ya uuguzi kama wenzangu. Huwa najibu kwamba napenda sayansi. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua ua ni kitu gani, ili siku moja niweze kumjibu yule mtu. Chuoni nilisoma kila nilichokipata kuhusu maua. Nilijifunza kwamba ua ni kazi nzito kwa mmea. Haliwezi kujilisha lenyewe, hivyo majani hutengeneza sukari na kuisafirisha mpaka kwenye petali, na petali huitumia katika kupumua usiku na mchana, hata baada ya ua kukatwa na kuwekwa ndani ya ndoo. Ndiyo maana ninapopamba harusi natia sukari kidogo na limao kwenye maji. Sukari ni chakula, na asidi inawazuia bakteria wasizibe bua.

Nilijifunza pia jinsi ua linavyokufa. Nilidhani linachoka tu, kama nguo inavyochakaa. Kumbe kifo chake ni kazi inayofanywa kwa mpangilio. Chavua ikishafika, mmea hauna haja tena na petali. Ua linatengeneza gesi iitwayo ethilini, isiyoonekana, na gesi hiyo ni amri. Ikiwafikia majirani, nao wanaanza kuitengeneza. Sukari na virutubisho vinarudishwa ndani, na pale petali inaposhikana na kikonyo, vimeng'enya vinaanza kula gundi inayoziunganisha seli. Ua bado linaonekana zima. Rangi ipo, umbo lipo. Lakini limeshaachiwa, linasubiri kuguswa.

Ndizi inayoiva hutoa gesi hiyo hiyo, tena kwa wingi. Hilo nililijua kwenye daftari miaka mingi kabla sijaliona kwa macho. Nililiona nilipoweka maua ya mahafali ya shule jikoni kwangu, karibu na mkungu wa ndizi mbivu nilioletewa na mzazi. Asubuhi niliinua ndoo, na petali zote zikabaki sakafuni. Nilisimama pale na ndoo ya vijiti. Mwaka ule mahafali yalipambwa kwa maputo.

Basi sina cha kujitetea. Nilijua.

Ijumaa asubuhi nilifika Bugarama kwa Noah ya kukodi yenye ndoo tisa za maua: waridi na karnesheni za bustani yangu, na matawi ya bogenvilia niliyoyakata Nyakahura alfajiri ile. Nyumba ilikuwa ile ile, imeongezwa veranda na kupakwa rangi ya bluu. Baba mdogo alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amenenepa, ana mvi, na alicheka kwa urahisi. Kaburi la Baba lilikuwa limezungukwa na maharage.

"Mwanangu umekuwa mtu mkubwa!" alisema. "Angalia maua hayo! Haya, tuyaweke wapi mpaka kesho?"

Mama mdogo alitoka jikoni akifuta mikono, akanikumbatia, akanishika uso.

"Si tuyapeleke kanisani moja kwa moja?" aliuliza. "Kule kuna ubaridi."

Nilizunguka uani kama fundi anayekagua. Pombe ya ndizi ilikuwa imeshakamuliwa siku mbili kabla na inachemka kwenye mitungi. Lakini kwenye stoo ya nyuma, iliyo na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia, kulikuwa na rundo la ndizi zimelala juu ya majani makavu ya mgomba, mbivu kiasi cha kutoa harufu mpaka nje. Zilikuwa za juisi ya wasiokunywa pombe, zikamuliwe Jumamosi alfajiri. Nilisimama mlangoni nikavuta harufu ile.

"Ndoo tatu nitazipeleka kanisani leo, za altare na za Bikira Maria," nilisema. "Sita za upinde wa maua juu ya viti vyenu tuziweke humu. Ni pakavu, hakuna jua wala upepo. Mlango ufungwe vizuri, baba mdogo, watoto wasiingie."

"Umesikia mtaalamu?" akamwambia mkewe. Alibeba ndoo mbili yeye mwenyewe. Kisha akafunga mlango na kufuli na kunipa ufunguo, kwa heshima.

Hapo ndipo ningeweza kugeuka. Nilikuwa na ufunguo mfukoni mchana kutwa. Nilikula chakula chao, nikasaidia kuchambua mchele, na mara mbili mama mdogo alinisifu kwa mikono yangu ya kazi. Nilitazama yale maharage juu ya Baba, na ufunguo ukabaki mfukoni.

Zile ndoo tatu nilizitenga kwa sababu nyingine pia, na hii naiandika kwa kuwa nimeamua kusema yote. Jaribio lolote linahitaji kundi la kulinganisha. Nilitaka mbele ya kanisa lile lile, kwenye hewa ile ile, kuwe na maua yasiyoguswa, ili kila mwenye macho aone kwamba tatizo halikuwa joto wala maji.

Jumamosi alfajiri, wanawake walipokuja kuchukua ndizi, nilitoa ndoo zangu. Karnesheni zilikuwa zimeanza kukunja kingo kwa ndani, kama mtu anayesinzia. Waridi na bogenvilia zilionekana nzima kabisa. Nilifanya kazi taratibu kama mtu anayepanga mayai, na saa mbili na nusu upinde ulikuwa umesimama juu ya viti viwili vya wanajubilei, wa rangi ya zambarau, nyekundu na nyeupe. Katekista alisema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Hata mimi niliona ni mzuri.

Waliingia kwa ngoma. Baba mdogo alivaa suti ya kijivu, mama mdogo gauni jeupe la kitenge lililoshonwa Kahama. Walicheza mpaka mbele, wakaketi, na kwaya ikapandisha wimbo. Ngoma ile kubwa ilipopigwa, sakafu ikatetemeka, na bogenvilia ya kwanza ikashuka.

Watu walipiga vigelegele. Walidhani nimepanga hivyo! Ikashuka nyingine, kisha kumi, kisha mvua. Mama mdogo aliinua uso akitabasamu, maua yanamwangukia kichwani. Waridi zikafuata. Petali za waridi ni nzito, unazisikia zinapogusa saruji kukiwa kimya, na kimya kilikuwa kinaingia, benchi moja baada ya jingine, kwa sababu mvua ile haikuisha. Padre alipofika kwenye kurudia viapo, juu ya vichwa vyao kulikuwa na vijiti, miiba, na karnesheni zilizojikunja kama ngumi.

Bibi mmoja wa benchi la mbele alisema kwa Kihangaza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kwamba ya Bikira Maria hayajaanguka hata moja.

Watu wote waligeuka kutazama. Kweli. Ya Bikira Maria yalisimama. Ya altare yalisimama. Nikasikia nyuma yangu mtu akitaja jina la Baba, na mwingine akisema, "Kaka yake amekataa."

Baba mdogo alilisikia. Nilimwona akilisikia. Uso wake, uliokuwa unang'aa kwa mafuta na furaha, ulikauka. Alitazama juu kwenye vijiti, akatazama chini kwenye petali kuzunguka viatu vyake, na mdomo wake ukawa unasema kitu bila sauti. Alirudia kiapo kwa kukosea maneno.

Nilifurahi. Wengine wakisimulia mambo ya namna hii husema kisasi hakina ladha. Changu kilikuwa na ladha. Nilisimama kwenye nguzo ya nyuma nikakinywa chote.

Kitu kimoja tu kilinichoma. Mama mdogo aliinama na kuanza kuokota petali, moja moja, kutoka kwenye gauni lake, akizikusanya kwenye kiganja kana kwamba angeweza kuzirudisha. Nikatazama pembeni.

Nje, baba mdogo alinivuta kando.

"Mwanangu, maua yale yana nini?"

"Sijui, baba mdogo. Mimi nimepamba tu."

Wageni walikula wakaondoka mapema, na pombe ilibaki.

Ilipita kama miezi miwili. Jumapili moja nilikuwa kwa Mama, Nyamigogo, tunamenya mihogo, baba mdogo akashuka kwenye pikipiki. Alikuwa amekonda. Alimwamkia Mama kabla Mama hajamwamkia yeye.

"Shemeji, nimekuja."

"Karibu," Mama alisema. Akaniambia nilete kiti.

Alieleza kwamba halali usiku. Ameombewa na padre, ameombewa na walokole, na bado. Watu Bugarama wanapita mbali na uwanja wake. "Kaka yangu ana hasira na mimi," alisema, na akalia, mtu mzima yule, kamasi na machozi. "Shemeji, nisamehe."

"Nimekusamehe," Mama akasema, mara moja, kama anayempa mtu maji.

Hasira niliyoipata pale ilizidi ile ya siku ya panga. Kilichochukua miaka kumi na saba kimalizwe kwa neno moja? Akampa na uji! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye mihogo mpaka alipoondoka. Aliahidi kurudi na wazee tulizungumze shamba.

"Mama," nilisema, "si Baba. Ni mimi." Nikamweleza yote: stoo, ndizi, gesi, ndoo tatu zilizotengwa. Nilieleza kwa Kiswahili na Kirundi changu kibovu, nikichora kwenye udongo kwa kijiti mahali petali inapokatikia. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anigombeze, au anitume nikaungame.

Alichukua muhogo mwingine akaanza kuumenya.

"Usimwambie," alisema. "Mpaka asaini."

Nilimtazama Mama yangu kama mtu niliyekutana naye stendi.

Alisaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na wazee wa ukoo, na kati yao alikuwepo yule mzee aliyecheka. Nyumba, kahawa, migomba, na lile eneo la kaburi. Karatasi iligongwa muhuri. Baba mdogo alihamia kwenye nyumba yake ya zamani, hatua chache upande wa pili wa njia. Mama alirudi Bugarama na kinu chake, akang'oa maharage kaburini siku ile ile, kabla hata ya kufagia nyumba.

Nilikaa na siri wiki nyingine mbili, kisha nikaenda kwa baba mdogo. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nikiwa chuoni, ingawa chuoni sikujua yangekuwa ya ndizi. Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua mbegu.

"Baba mdogo, sikuja kwa ubaya. Maua yale hayakuangushwa na Baba. Niliyaweka na ndizi zako. Ndizi mbivu zinatoa hewa inayoangusha maua. Mimi ndiye niliyechagua ile stoo. Nilifanya makusudi."

Nilimsubiri akasirike, anitukane, ajue kwamba ni mimi, binti wa mwanamke mvivu, na ajue nimemshinda kwa kitu kisicholiwa.

"Ndizi?" alisema.

"Ndizi. Naweza kukuonyesha. Nipe ndoo mbili na siku moja."

Akatikisa kichwa polepole, kwa huruma.

"Mwanangu, ndizi tumeivisha hapa tangu babu. Wewe ulitumwa. Kaka alikutuma na wewe mwenyewe hukujua. Nilimwona nikiwa pale kwenye kiti."

"Hukumwona mtu! Ni kemia!"

"Sawa, mwanangu," alisema, na akarudi kwenye mbegu zake.

Hivyo ndivyo anavyosimulia hadi leo, misibani na sokoni. Kwenye masimulizi yake mimi ni msichana aliyebeba ndoo. Hakuna mtu wa Bugarama anayeniita tena kupamba harusi, kwa kuwa wanaogopa marehemu wao watanifuata. Nimejaribu kuwaeleza wawili watatu. Wananisikiliza kwa adabu.

Aliyenielewa ni mmoja. Mama mdogo alinipigia wiki chache baadaye, mchana, nikiwa nasahihisha madaftari. Alisema mumewe amemwambia habari ya ndizi kama kichekesho, na yeye hakucheka, kwa sababu ndiye aliyeikamua ile juisi na anakumbuka petali chache alizozikuta sakafuni mwa stoo, pale ndoo zilipokuwa.

"Ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli, mama mdogo."

"Mimi nilikukosea nini?"

Nilimwambia hajanikosea kitu. Aliitikia tu, "Haya," akakata simu. Kwa mumewe ningefanya vile vile tena kesho, ndizi zikiwepo. Mama mdogo nimejaribu kumpigia mara tatu, na kila inapoanza kuita nakata mimi.